Panya watatu si huruma

Wiki iliyopita alinijia mwanafunzi wa nne mwaka huu, hapa Kisumu, na pendekezo la kujaribu mwarobaini dhidi ya malaria. Majani na magome, dozi nne kila kimoja, kila kundi panya watatu. "Daktari, nimewahurumia," akasema, uso umemkunjuka.

Mwanangu, hao utawaua bure.

Wanasayansi Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kuhusu wanyama wa majaribio: tafuta mbadala, punguza idadi, punguza maumivu. Watu wameshika hilo la katikati na kulielewa kinyume. Kupunguza ni kutumia wachache wanaotosha kujibu swali. Wasipotosha, umewatesa na swali limebaki palepale.

Tazama. Unawadunga Plasmodium berghei, kimelea cha malaria ya panya, unawanywesha dawa siku nne, kesho yake unachukua damu ya mkia, unapaka slaidi, unaitia rangi ya Giemsa, unahesabu vimelea. Mmoja bomba la kunyweshea limeingia mapafuni, kafa. Kati ya wawili waliosalia, mmoja damu yake imejaa vimelea, mwenzake ana vichache. Sasa utaandika nini? "Huenda inafanya kazi"? Halafu mwingine atarudia jaribio lote kwa panya wapya. Idadi hupangwa kabla, kwa tofauti unayoitarajia na jinsi panya wanavyotofautiana. Muone mtakwimu, haumi.

Ganzi na dalili za kumwondoa mnyama jaribioni zimo kwenye fomu. Isome.

Linalonisumbua mimi ni kundi lisilopewa dawa. Berghei ilitoka kwa panya pori wa Katanga, Kongo. Si kimelea kinachoua watoto wetu wa Nyando. Najua artemisinini, dawa ya malaria, ilipitia panya wenye berghei kule China mwaka 1971, kwa hiyo njia hii imewahi kuzaa. Lakini nikimwona panya kajikunja pembeni ya kizimba, manyoya yamesimama, kuna siku sina hakika kama namtesa kwa sababu inayotosha. Kamati ya maadili haijawahi kuniuliza hilo. Huuliza nakala ngapi.

Jana kijana karudi. Dozi mbili badala ya nne, na majani na magome yanatumia pamoja kundi moja la klorokwini, dawa ya kulinganishia, na moja lisilo na dawa, badala ya kila kimoja kuwa na yake mawili. Makundi yameshuka kutoka 12 hadi sita, panya sita kila kundi.

Jumla 36, ileile ya kwanza. Nimetia sahihi.