Kumuuzia mfanyakazi hisa kabla mwenye kampuni hajastaafu

Kampuni nyingi za Uganda zinazoishi kwa zabuni za serikali, ziwe za barabara za wilaya, madarasa au ulinzi, zimesimama juu ya mtu mmoja: hisa zake, saini yake benki, hati ya ardhi yake. Akifariki ghafla, warithi husubiri mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi huku mishahara na mafuta ya greda vikidaiwa. Kama watoto hawana hamu na kazi hiyo, wauzie wafanyakazi ungali hai.

Sheria inasaidia. Sheria ya Makampuni ya 2012 inaweka kikomo cha wanachama 100 kwa kampuni binafsi, lakini wafanyakazi wenye hisa hawahesabiwi humo. Na kwa kuwa aliyesaini mkataba na serikali ni kampuni, hisa kubadili mikono hakuuvunji. Hata hivyo soma masharti, maana mikataba mingine hudai taarifa umiliki unapobadilika. Uhamisho na wamiliki wapya huandikishwa URSB, ofisi ya serikali ya Uganda inayosajili makampuni. Ukimpa mfanyakazi hisa chini ya thamani yake, tofauti hiyo huhesabiwa kuwa kipato cha ajira na hukatwa PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kwa hiyo bei iwekwe na mthamini wa nje.

Kinachoangusha mipango mingi ni ratiba ya malipo. Tuseme kampuni ina thamani ya shilingi milioni 900 na unauza asilimia 30, yaani milioni 270. Wafanyakazi watoe milioni 27 mwanzoni. Milioni 243 zinazobaki zilipwe kwa miaka 6, milioni 40.5 kila mwaka, kutokana na gawio lao, yaani fungu lao la faida kama wenye hisa. Faida baada ya kodi ikiwa milioni 180 na yote ikagawiwa, fungu lao ni milioni 54. Ukitoa kodi ya zuio ya asilimia 15, inayokatwa kabla gawio halijawafikia, wanabaki na milioni 45.9. Hesabu inatosha, lakini kwenye karatasi tu. Cheti cha malipo, yaani hati inayothibitisha kazi iliyofanyika na kiasi serikali inachodaiwa, kilichoidhinishwa Juni kinaweza kulipwa baada ya miezi mingi, na faida ile haipo benki. Isitoshe, ukigawa yote, kazi inayofuata utaianza na nini? Afadhali miaka 9 au 10, na kila awamu ifungwe kwenye fedha zilizokwisha kuingia, si kwenye tarehe.

Pia kuna dhamana, na hapa wengi husahau. Benki ilitoa dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya kumlipa mwenye zabuni kampuni ikishindwa kutimiza kazi, kwa kushikilia hati ya ardhi ya mwanzilishi. Ameuza hisa, ardhi bado imefungwa. Kabla ya kusaini mauzo, zungumzeni na benki: ni mali ipi ya kampuni itachukua nafasi ya hati hiyo, na itaachiliwa baada ya mkataba upi kukamilika?

Mwisho, andikeni kwenye katiba ya kampuni kwamba anayeacha kazi huipa kampuni au wenzake nafasi ya kwanza ya kununua hisa zake, kwa kanuni ya bei iliyokubaliwa mapema. Bila kifungu hicho, fundi aliyehamia kwa mshindani wenu ataendelea kuketi kwenye mkutano mkuu akisikiliza hesabu zenu.