Kutafuta kwa metadata: namna ya kuzifikia picha na miswada ya pwani yetu mtandaoni

Wengi wanaoniandikia kuomba msaada wa kutafuta picha za zamani huwa na lalamiko moja. Wameingia katika tovuti ya makumbusho fulani ya Ulaya, wameandika "Tanzania" pamoja na mwaka wa 1905 katika kisanduku cha utafutaji, na wamejibiwa kwamba hakuna matokeo. Mara nyingi picha zipo, tena kwa mamia. Tatizo ni kwamba mwaka wa 1905 hapakuwa na nchi iliyoitwa Tanzania, na aliyeziandikia picha hizo maelezo aliweka "Deutsch-Ostafrika" na kuishia hapo. Jina Tanganyika lilikuja rasmi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Tanzania likaja mwaka wa 1964. Kompyuta haiyaunganishi majina hayo matatu mpaka mtu akae chini aandike kwamba kwa sehemu kubwa yanahusu eneo lilelile, na kazi hiyo katika taasisi nyingi imefanyika nusunusu.

Jambo ambalo ningependa kila mtafutaji alielewe kabla ya kugusa kibodi ni kwamba katika makusanyo ya urithi wa utamaduni hatutafuti kitu chenyewe. Tunatafuta maneno aliyoyaandika mkutubi au mhifadhi kuhusu kitu hicho, na maneno hayo ndiyo metadata: jina la kitu, aliyekitengeneza, tarehe, mahali, lugha, vipimo, namba ya rejea, haki za matumizi. Kila aina ya maelezo huwekwa mahali pake, na mahali hapo huitwa uga. Mwaka wa 1995 wataalamu walikutana mjini Dublin, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na kutokana na mkutano huo ukapatikana mpangilio wa nyuga 15 unaojulikana kama Dublin Core, ambao hadi leo umejificha nyuma ya tovuti nyingi za maktaba na makumbusho, hata zile zenye sura tofauti kabisa.

Kwa kitabu kilichopigwa chapa, mashine inaweza kusoma kurasa zote na kukuletea neno lolote lililomo ndani. Kwa mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, uwezo huo kwa kawaida haupo, na kwa picha isiyo na maandishi haupo kabisa. Hapo rekodi ya mkutubi ndiyo njia pekee ya kukifikia kitu, na ubora wa utafutaji wako hautaupita ubora wa rekodi hiyo. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni nani aliyeiandika rekodi, kwa lugha gani, na katika enzi gani. Mjerumani wa mwaka wa 1910 aliandika "Sansibar" na "Daressalam". Ramani na vitabu vya Kireno vina "Quiloa" pale sisi tunaposema Kilwa. Kabla ya kutafuta mahali popote, mimi hufungua ukurasa wa mahali hapo katika Wikidata, hifadhi huria ya taarifa mtandaoni, nikakusanya majina yake katika lugha mbalimbali, kisha nikayajaribu moja baada ya jingine. Ni kazi ya kuchosha kidogo, lakini hakuna hila ya kompyuta inayoizidi.

Majina ya watu yanahitaji subira kubwa zaidi, na mfano ninaoupenda ni wa Lamu. Miswada mingi ya tenzi iliyo katika makusanyo ya SOAS, chuo kikuu kilichoko mjini London, ilifika huko kupitia wataalamu wa Kiswahili kama William Taylor, Alice Werner na William Hichens. Sehemu yake muhimu ilinakiliwa na mtu mmoja, Muhamadi Kijumwa, mwandishi wa khati, mshairi na mchongaji wa Lamu, ambaye alifanya kazi na Werner na Hichens, na baadaye na Mjerumani Ernst Dammann. Kijumwa hakuwa mtunzi wa tenzi nyingi alizozinakili. Kwa hiyo, ukimtafuta katika uga wa mtunzi utampata mara chache, ilhali mkono wake umo katika miswada chungu nzima. Lazima umtafute katika uga wa mnakili kama mfumo unao, na kama hauna, katika uga wa maelezo ya jumla, ambako wakutubi hutupia kila kitu kilichokosa mahali pengine. Halafu jina lenyewe: Kijumwa na Kijuma, Muhamadi, Muhammad, Mohamed, na mahali pengine jina refu lenye bin Abubakari, au lenye Masihii mwishoni. Mimi huanza na "Kijum" likifuatwa na kinyota (*), ambacho katika mifumo mingi huiambia mashine ikubali mwisho wowote wa neno.

Utendi wa Mwana Kupona nao una mtego wa namna hiyo. Rekodi moja huandika "Mwana Kupona", nyingine "Mwanakupona". Moja ina "utendi" kwa lahaja ya kaskazini, nyingine "utenzi". Anayefunga maneno yake ndani ya alama za kunukuu anaiamuru mashine ilete tahajia hiyo na si nyingine, na huo ni uamuzi wa kufanywa mwishoni, baada ya kuona tahajia zote zilizopo. Tarehe nayo ina matata yake. Utendi huo ulitungwa mwaka wa 1275 wa Hijria, yaani 1858 Miladia. Mswada ukiwa umeorodheshwa kwa mwaka wa Hijria peke yake, kichujio cha miaka ya 1850 hadi 1900 kitauruka bila kukuambia, au mfumo utaupanga miongoni mwa vitu vya karne ya 13. Kwa miswada ya pwani mimi hutafuta mara mbili, kwa kalenda zote mbili, na sitegemei vichujio vya tarehe mpaka nimeona jinsi taasisi husika inavyoziandika.

Baada ya kupata kitu kimoja tu kinachofaa, acha kutafuta. Fungua rekodi yake yote, pamoja na zile nyuga ambazo tovuti huzificha chini ya kitufe cha kuonyesha zaidi, uone mkutubi ametumia mada zipi, mahali ameandika vipi, lugha ameitaja kwa neno au kwa msimbo. Kiswahili kina msimbo wa "swa" katika orodha inayotumiwa na maktaba nyingi, na katika Internet Archive, maktaba huria ya mtandaoni, utakuta vitabu vingine vimeandikiwa huo na vingine "Swahili", hivyo ni lazima kujaribu vyote viwili. Maneno utakayoyaokota katika rekodi hiyo moja ndiyo utakayoyatumia kutafuta tena, safari hii ndani ya uga wake. Europeana, tovuti ambayo ilifunguliwa mwaka wa 2008 na inakusanya rekodi za taasisi nyingi za Ulaya, hukubali amri kama "where:" kwa mahali na "who:" kwa watu. Andika "where:Sansibar" ulinganishe na neno hilohilo bila amri, utaona tofauti mara moja.

Uga ambao watu huudharau ni ule wa namba ya rejea. Katika British Museum, rekodi nyingi za vitu vya Afrika vilivyopokelewa zamani zina namba inayoanza na "Af", ikifuatwa na mwaka wa kupokelewa, kisha tarakimu nne za mwezi na siku, kisha namba ya kitu. Vitu vilivyoingia siku moja kutoka kwa mtu mmoja hushiriki mwanzo mmoja wa namba. Ukipata kigoda kimoja, tafuta kwa mwanzo wa namba yake, na huenda ukakuta vyombo vingine vilivyosafiri nacho, hata kama mkutubi alivikosea mahali au hakuandika mahali kabisa. Katika Makumbusho ya Etnolojia ya Berlin, vitu vya Afrika Mashariki vina alama ya "III E" mwanzoni. Kwa anayechunguza vitu vilivyochukuliwa wakati wa Vita vya Maji Maji, kati ya 1905 na 1907, alama hiyo pamoja na jina la ofisa aliyevitoa humfikisha mbali kuliko neno "Majimaji", kwa sababu waliovipokea hawakuwa na haja ya kuandika vita hivyo katika rekodi.

Kuhusu watu waliopigwa picha, hali ni mbaya zaidi. Rekodi hutaja mpiga picha, meli na ofisa, lakini mwanamke aliyekaa mbele ya kamera huwa "mwanamke wa Kiswahili" tu, kwa Kiingereza au Kijerumani, na wakati mwingine kwa neno la kutweza ambalo mtafutaji analazimika kuliandika ili picha itoke. Nalichukia zoezi hilo, lakini kulikwepa kuna maana ya kuiacha picha pale ilipo. Taasisi kadhaa sasa hubakiza maelezo ya zamani kama ushahidi na kuongeza maelezo mapya kando yake, na huo kwangu ni utaratibu unaofaa kuliko kufuta.

Ukishakipata kitu, nakili namba yake na jina la taasisi, usitegemee kiungo peke yake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu iliyopigwa picha chini ya Endangered Archives Programme, mpango wa British Library wa kunakili kumbukumbu zilizo hatarini kupotea, ina namba ya mradi EAP466, na jina la msikiti katika kichwa cha mradi limeandikwa "Riyadh", bila ile "a" ya mwisho tunayoitamka. Mwezi wa Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao na huduma zake nyingi zikazimika kwa muda mrefu. Viungo vya zamani vikigoma, andika EAP466 katika kisanduku cha utafutaji cha tovuti ya mpango huo.