Homoni baada ya komahedhi, na uvimbe unaoambiwa "ni dawa tu"

Komahedhi ni nini, na homoni ni za nini?
Ni kumaliza miezi 12 mfululizo bila hedhi. Estrojeni, homoni ya kike, inashuka, ndipo mwili unawaka joto ghafla, jasho linalowesha shuka, uke unakauka. Tiba huirudisha estrojeni kwa kidonge, kiraka au jeli. Mwenye kizazi lazima aongezewe projestini, homoni ya pili, maana estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na inaweza kuleta saratani humo. Basi vidonge vya dada yako aliyetolewa kizazi, mwachie mwenyewe.

Zinaleta saratani ya matiti?
Zinaongeza hatari, kutegemea aina na muda. Wanawake 50 wakianza na miaka 50, wakatumia estrojeni na projestini kila siku kwa miaka 5, atapatikana mgonjwa mmoja wa ziada ndani ya miaka 20. Kwa estrojeni pekee, ni mmoja kati ya 200.

Nimegusa uvimbe kwenye titi. Si homoni hizi?
Usijipe jibu hilo. Homoni hujaza matiti na kuyafanya yaume, kwa kawaida yote mawili, hasa miezi ya mwanzo. Donge gumu upande mmoja ni habari nyingine.

Lakini hauumi.
Ndiyo maana uje! Saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu hata kidogo. Wanaosubiri uume ndio tunaowapokea ngozi ikiwa imebonyea kama ganda la chungwa, chuchu imezama na tezi za kwapani zimevimba.

Niache dawa miezi mitatu nione kama utaisha?
Hapana. Miezi mitatu ni mingi mno; njoo wiki hii. Utapapaswa, utapigwa mamografia (picha ya eksirei ya titi) au utrasaundi, na ikibidi sindano itachukua kinyama kipelekwe maabara. Uvimbe mwingi hukutwa si saratani, ila hilo huthibitishwa na vipimo, si na jirani. Na usiukande.

Mamografia ya mwaka jana ilikuwa safi.
Ya mwaka jana haikuuona uvimbe wa leo. Tena homoni, hasa zenye projestini, huweza kulifanya titi lionekane jeupe zaidi kwenye picha, na uvimbe nao ni mweupe, ukajificha humo. Mwambie mpiga picha unatumia nini na tangu lini.

Niliwahi kutibiwa saratani ya titi, nami joto linanitesa.
Vidonge na viraka vya homoni kwa kawaida hupewi. Zipo dawa za joto zisizo na homoni. Mwulize daktari wako wa saratani kabla ya kumeza chochote.