Kusevu mazungumzo ya ejenti wa AI ni rahisi, shughuli iko kwenye kuyarudisha

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijui: modeli yenyewe (ile akili bandia inayosoma na kuandika maneno, ambayo ejenti anaitumia kufanya kazi) haikumbuki chochote. Kila ukituma ujumbe, kwa kawaida programu yako inaipelekea mazungumzo yote upya, kuanzia maelekezo ya mwanzo mpaka neno la mwisho, inasoma, inajibu, basi. Unapoona ejenti "anakumbuka" mlichoongea, hiyo ni orodha ya meseji iliyoko kwako wewe, kwenye memori ya programu yako, kwa hiyo prosesi ikiuawa au seva ikiwaka upya huku ejenti yuko katikati ya kazi ya saa nzima, orodha imekwenda na yeye anaanza sifuri.

Sasa wengi wanachofanya ni kuchukua ile orodha na kuimwaga kwenye faili la JSON (maandishi yaliyopangwa kwa muundo ambao programu inausoma) kila baada ya jibu. Sawa, inafanya kazi, mpaka siku programu inakufa katikati ya kuandika, faili linabaki nusu na halisomeki tena. Mimi napenda logi ya kuongeza tu, kila tukio na mstari wake, mpya unaingia chini na wa juu hauguswi, ukikuta mstari wa mwisho umekatika unautupa huo mmoja na mingine yote iko salama. Au tumia SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja), transaksheni yake ni ama imeandikwa yote ama haijaandikwa kabisa. Na kama umeng'ang'ania JSON moja, andika kwanza faili la pembeni, piga fsync (amri ya kulazimisha data ifike diskini kweli), halafu ndo ulibadilishe jina liwe lile la kweli, kwenye Linux kubadilisha jina ndani ya faili sistimu hiyo hiyo ni kitendo kimoja, anayesoma atakuta la zamani au jipya, la katikati halipo.

Hayo ndo mepesi. Pagumu ni kwenye zana, yaani vitu ambavyo ejenti anaweza kuvifanya huko nje, kama kusoma faili au kutuma malipo. Ejenti anafanya kazi hivi: modeli inatoa ombi la kutumia zana fulani, programu yako inaitekeleza, halafu unairudishia modeli matokeo yakiwa na kitambulisho kile kile cha ombi, na API nyingi (milango ambayo programu yako inaongea na modeli kupitia hapo) ukizipelekea ombi la zana ambalo matokeo yake hayapo zinakataa mazungumzo yote. Haya, chukulia umefungua logi baada ya programu kufa na mstari wa mwisho kabisa ni ombi la zana inaitwa tuma_malipo, chini yake hamna kitu. Malipo yalienda au hayakwenda? Logi haiwezi kukuambia. Ukirudia kuitekeleza unaweza kulipa mara mbili. Ukifuta ombi ili API isilalamike, modeli itasoma mazungumzo, itaona malipo hayajafanyika, italiomba tena, umerudi pale pale. Ukibandika matokeo ya kutunga kwamba imefanikiwa umeidanganya, na kila itakachoamua kuanzia hapo kimesimama juu ya uongo, hii ndo naichukia kuliko zote.

Kinachotakiwa ni kwamba kabla ya kutekeleza zana yoyote inayobadilisha kitu huko nje, unaandika kwenye logi kwamba unaanza, pamoja na ufunguo wa kipekee wa ombi hilo, na huo ufunguo unautuma kwa huduma yenyewe kama inaupokea, ili ombi likija mara ya pili huduma ijue ni lile lile isilipe tena. Wakati wa kurudisha unaiuliza huduma kuhusu ufunguo huo. Kama hakuna namna ya kuuliza, weka matokeo yanayosema ukweli: utekelezaji ulikatizwa, haijulikani kama ulikamilika, hakikisha kabla ya kurudia. Modeli nzuri zikikuta maneno hayo mara nyingi zinaenda kucheki kwanza. Zana za kusoma tu hazina shida, rudia.

Halafu kuna suala la urefu: mazungumzo yakiwa marefu mno, unayafupisha ya zamani kuwa muktasari na kuendelea na huo. GPT-3 ya 2020 ilibeba tokeni (vipande vya maneno) 2,048 tu kwa mkupuo, mwaka 2024 Gemini 1.5 Pro ikafika milioni 1, na watu wakaona muktasari hauna kazi tena. Una kazi sana, maana gharama inapanda na urefu, na utafiti wa 2023 ulionyesha modeli zinatumia vizuri zaidi taarifa zilizo mwanzoni na mwishoni kuliko zilizofukiwa katikati. Shida ni kwamba muktasari unabakiza lengo na kupoteza vidogo vidogo, njia kamili ya faili, namba ya kosa, na hasa vitu vilivyojaribiwa vikagoma, matokeo yake ejenti akirudi anajaribu tena kile kile kilichoshindikana. Kwa hiyo uagize kwa majina: maamuzi na sababu zake, vilivyogoma, kilichobaki, na majina ya faili yanakiliwa neno kwa neno. Logi ghafi usiifute, ukigundua muktasari ni mbovu unautengeneza mwingine kutoka humo. Na usikate mazungumzo kati ya ombi la zana na matokeo yake, ile ile shida ya juu inarudi.

Kingine, dunia haikusimama wakati ejenti amelala. Faili alilolisoma jana huenda mtu amelibadilisha, ila kwenye mazungumzo yake bado liko la jana na analiamini kabisa. Sevu hashi (alama fupi inayobadilika faili likibadilika) ya kila faili alilosoma, ukimwamsha linganisha, umwambie waziwazi yapi yamebadilika. Pia kumbuka logi hiyo inabeba kila kitu kilichopita kwenye zana, pasiwedi na funguo za API zikiwemo, zifiche kabla ya kuandika.

Namna ya kujua kama mfumo wako unarudisha kweli ni kuuua makusudi kwa kill -9 (amri ya Linux inayoua prosesi papo hapo): kabla ya ombi la zana, baada ya ombi kuandikwa, zana ikiwa inaendelea, na zana ikiwa imemaliza ila matokeo hayajafika diskini. Hiyo ya mwisho ndo inayokamata wengi, ianze hiyo.