Kutoa kapasita ndogo kwenye bodi bila kuondoka na pedi zake

Juzi imeletwa laptop hapa mezani imekufa kabisa, ukichomeka chaja hata taa haiwaki. Nikapima laini ya volti 19 na graundi (upande hasi wa bodi), mita ikalia, shoti, yaani vimegusana pasipotakiwa. Sasa hapa mafundi wengi tunakimbilia mosifeti (swichi ndogo ya umeme) au aisii ya chaji (chipu inayosimamia kuchaji), mteja anaingia gharama, kumbe mara nyingi aliyeua ni kapasita ya seramiki, vile vidude vya kahawia vya kuhifadhi na kutuliza umeme, visivyoandikwa kitu mgongoni. Ndani yake ni matabaka membamba ya seramiki na chuma, mengi sana, bodi ikipinda kidogo tu au laptop ikidondoka linapita ufa ambao kwa macho huuoni, vyuma vinagusana, basi.

Kumpata mwenyewe kati ya wenzake ishirini sio kazi ya kubahatisha. Naweka pawa saplai ya mezani volti 1, ampia 3, naingiza kwenye ile laini, halafu namwagia spiriti kidogo juu. Inapokauka kwanza ndipo penye moto, na penye moto ndipo penye shoti. Usipandishe volti ukidhani utaharakisha, manake kama mosifeti nayo imepasuka huo umeme unaweza kwenda moja kwa moja kwenye prosesa na hapo umeua bodi ya watu.

Haya, kumpata ni rahisi, kumtoa ndio kuna mambo. Kapasita ya aina hii mguu wake mmoja umekaa kwenye graundi, na graundi ya bodi ya laptop ni mashuka ya shaba yaliyolazwa humo ndani, yananyonya moto wote wa pasi yako ya kulehemu. Upande mmoja unayeyuka, wa pili bado jiwe. Na hapo ndipo mtu anashika kibano anavuta. Usivute! Pedi, kile kibati cha shaba ambacho mguu umelehemiwa juu yake, imeshikiliwa na gundi tu juu ya faiba, gundi hiyo ikishapata moto inalegea, ukivuta inakuja pedi na njia yake. Mimi miaka ya mwanzo nilimng'olea mteja pedi ya resista hivyohivyo, nikakaa masaa mawili nakwangua njia na kuunga waya mwembamba wa vanishi, na ile bodi ingepona kwa sekunde kumi za kusubiri.

Kwa hiyo kwanza fluksi, ile dawa ya kusafisha lehemu, na usiionee huruma. Bila fluksi lehemu ya zamani ina kutu ya moto juu yake, haishiki wala haitiririki. Pili, ongeza lehemu yako juu ya ile ya kiwandani, pande zote mbili. Hili watu wanaliruka na mi nadhani ndio kiini cha kazi yote. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipobana madini ya risasi kwenye vifaa vya elektroniki, viwanda vingi vikahamia lehemu isiyo na risasi, ambayo inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Hii yetu ya bati 63 kwa risasi 37 inayeyuka kwenye 183. Ukizichanganya, ile ngumu inalainika, unafanya kazi kwa moto mdogo na pedi inabaki salama.

Baada ya hapo natumia pasi mbili, moja kila upande, au bloa ya hewa ya moto kwenye nyuzi 350 mpaka 380 huku bodi nimeipasha kwa chini kwanza. Soketi za plastiki jirani nazifunika na tepu inayovumilia moto. Dogo ninayemfundisha juzi akaniuliza, "Fundi, imegoma hii, nivute?" Nikamwambia, "Acha dogo, isukume kwa ubavu kidogo tu." Ikisogea kama kitu kinachoelea majini, nyanyua. Isiposogea bado, rudisha moto, subiri.

Kusafisha pedi, ile kamba ya shaba ya kunyonyea lehemu iweke juu, pasi juu yake, subiri inywe, halafu nyanyua vyote kwa pamoja. Ukiiburuza ikiwa imepoa inaganda kwenye pedi na utaondoka nayo.

Kapasita mpya sasa. Kwa laini ya volti 19 weka inayovumilia volti 25 kwenda juu, nikiwa na ya 35 yenye saizi hiyohiyo naweka hiyo, kwa sababu hizi za seramiki zikikaa karibu na kikomo chake cha volti uwezo wake unashuka sana hata kama kwenye karatasi imeandikwa mikrofaradi 10. Haina maandishi, kwa hiyo angalia skimatiki (mchoro wa saketi ya bodi) au chomoa ya bodi mbovu ya modeli ileile, palepale. Kuna wanaoiacha wazi kwa sababu mashine inawaka bila hiyo. Inawaka kweli, ila mzigo wake wanabeba waliobaki.

Wakati wa kuiweka usiigandamize pasi kwenye seramiki yenyewe, inapasuka kwa mshtuko wa joto na umerudi ulikoanzia. Gusa pedi. Kwa bloa ni raha zaidi, lehemu ikiyeyuka pande zote kapasita inajivuta yenyewe ikakaa sawa.

Na jamani, feni. Risasi haichemki mpaka nyuzi 1,749, ule moshi unaouona ni wa fluksi, na huo ndio unaoleta pumu kwa mafundi wanaoinamia bodi kutwa. Mikono nayo oshwa kabla ya kula, risasi inaingilia mdomoni.

Ile laptop nimeiacha ipoe, nikapima tena laini, mita kimya. Chaja, taa ikawaka. Nimeiwasha tangu asubuhi, mwenyewe anaifuata jioni.