Kabla ya operesheni, muulize mwenye jicho

Mama wa miaka 63 mwenye ulemavu wa akili analetwa kliniki ya macho na mdogo wake. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anamweleza mdogo mtu, mdogo mtu anatia sahihi, tarehe ya operesheni inapangwa. Mwenye macho hajaulizwa lolote zaidi ya jina lake.

Wengi wetu tungeona hapo hakuna kosa. Lakini Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, vifungu vya 8 na 9, inataka mgonjwa mwenyewe aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari, gharama na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa. Mtu mwingine huridhia kwa niaba yake pale tu mgonjwa asipoweza, naye awe ameidhinishwa na mgonjwa kwa maandishi, au na sheria au mahakama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataka mtu asaidiwe kuamua, si kuamuliwa.

Uwezo wa kuamua nao haupimwi mara moja kwa mambo yote. Anayeshindwa kuhesabu chenji anaweza kuelewa vizuri kabisa kwamba jicho lake lina ukungu na kwamba daktari anaweza kuuondoa.

Kazi iko kwenye maelezo. Sentensi fupi, jambo moja kwa wakati. Mwambie ukweli: utadungwa sindano, utalala chali bila kutikisa kichwa, jicho litafunikwa. Mpe kifuniko akishike, mwonyeshe kitanda. Zungumza naye asubuhi kabla hajachoka, na kwanza hakikisha anasikia, maana masikio ya uzeeni huziba nta na watu wakadhani ni akili.

Kisha jihadhari na "ndiyo". Mtu aliyeamrishwa maisha yake yote hujifunza kwamba kukubali ndiko kunakowapendeza watu. Badala ya kumuuliza "Umeelewa?", muulize "Daktari atakufanya nini?" Akijibu kwa maneno yake, au akionyesha jicho na kulifunika kwa kiganja, umepata kitu. Asiyezungumza pia husema: huvuta mkono, hugeuza uso, hutabasamu. Hapo ndugu ana thamani kubwa, kwa sababu anazijua ishara hizo kuliko daktari yeyote.

Umri huleta ugumu wake. Watu wenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa akili na mwili, wanaweza kuanza kupoteza kumbukumbu wakiwa na miaka 40 au 50 na kitu, mapema kuliko wengine. Ni vizuri waulizwe mapema wangependa nani awe karibu nao wakiugua. Lakini si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa wa kusahau. Tezi ya shingo iliyolegea kazi, maumivu ya jino, au huo huo mtoto wa jicho vinaweza kumfanya mtu aonekane amepotea. "Ndivyo alivyo tangu zamani" si utambuzi wa ugonjwa.

Je, akikataa? Tafuta anachokataa. Huenda ni gauni la hospitali, au kulala peke yake wodini. Kwa kawaida mtoto wa jicho si dharura, kwa hiyo anaweza kupewa tarehe nyingine. Dharura ni habari tofauti: kuchelewa kukihatarisha uhai na mgonjwa hawezi kuridhia wala hajakataa kwa maneno au kwa vitendo, sheria inaruhusu atibiwe. Ila kumtilia dawa ya usingizi kwenye chai ili asisumbue njiani ni hila, na ni hatari kwa mtu anayekwenda kupewa dawa za ganzi.

Familia inaweza kuomba muda mrefu zaidi siku ambayo kliniki haina foleni, na muuguzi aandike ndani ya faili jinsi mgonjwa huyu anavyosema ndiyo na anavyosema hapana. Zamu hubadilika, na wa usiku hatakuwapo wakati wa mazungumzo ya asubuhi.