Mazoezi yasiyokatika, na vidonge vya tansio (shinikizo la damu) visivyoachwa

Mazoezi ni nini? Kubeba mizigo soko la Kadutu, hapa Bukavu, si mazoezi?
Ni mazoezi. Mwili ukitumika hadi pumzi iende mbio kidogo na jasho litoke, ni mazoezi. Mama anayepanda milima ya Bukavu na mzigo mgongoni simdai kitu. Ninayemdai ni yule anayekaa dukani au ofisini kutwa, na jioni anapanda moto (pikipiki) kwa mwendo wa dakika kumi.

Yanatosha kiasi gani?
Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa juma kwa mtu mzima. Ni nusu saa, siku tano. Ukitembea unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, basi mwendo ni huo.

Kila mara ninaanza, majuma mawili ninaacha. Nifanyeje?
Kwanza, acha kuanza kwa fujo. Ninawaona kila mwaka: mtu hajakimbia tangu masomo, Jumamosi moja anakimbia na vijana hadi miguu inakataa, Jumatatu goti limevimba, na hapo ndipo mazoezi yanaishia. Anza na dakika kumi. Juma linalofuata ongeza tano.

Pili, usingoje hamu. Watu wananiambia, "Dokta, nikipata moyo nitaanza." Moyo huo huja baada ya kuanza. Funga mazoezi kwenye jambo unalofanya tayari kila siku: ukitoka misa ya asubuhi, rudi kwa miguu, ukirudi kazini, shuka kwenye moto chini ya mlima, umalizie mwenyewe. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2010 kwamba tabia mpya ilichukua kwa wastani siku 66 kuzoeleka, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukikosa leo, kesho toka. Usisubiri mwezi mpya.

Mtafute pia mwenzako wa kutembea naye, awe jirani au shemeji, yeyote atakayebisha mlangoni. Mvua ikinyesha, nyumbani kuna kiti: kaa, simama, kaa, simama, hadi pumzi ibadilike.

Watu watasema ninakonda, nina ugonjwa.
Waache waseme. Kitambi si cheti cha afya.

Tangu nianze kutembea, tansio imeshuka. Sasa niache vidonge?
Hapana. Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu ninaona linavyoishia. Mazoezi yanashusha tansio kweli, lakini kwa kiasi: kwa wengi namba ya juu ya kipimo hupungua kama 5 hadi 8. Aliyekuwa na 170 atabaki juu ya 160, na kuanzia 140 tayari ni ugonjwa. Namba nzuri uliyoona kwenye kipimo ni kazi ya vidonge na miguu pamoja.

Lakini kichwa hakiniumi tena.
Bado hapana! Kwa wengi tansio haiumi. Haikuumi leo, na mishipa inaendelea kuharibika. Anayepima kwa kusikiliza kichwa hajapima.

Na jirani yangu aliacha, yuko mzima?
Hapana, mama. Hapana, papa. Jirani yako hajapimwa. Hadithi ninayoijua ni hii: mtu anaacha vidonge kwa sababu anatembea, kisha mvua za Septemba zinaanza, anaacha kutembea. Nguvu ya mazoezi inapotea katika majuma machache tu. Vidonge hana, mazoezi hana, na familia inamleta amepooza upande mmoja. Dozi inaweza kupunguzwa, ndiyo. Anayeipunguza ni muganga wa hospitali, baada ya kukupima mara kadhaa.

Nani apimwe kabla ya kuanza?
Mwenye tansio, sukari au ugonjwa wa moyo, na anayebanwa kifua akipanda mlima. Kifua kikibana, simama, usijikaze, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakivurugika?
Hospitali saa hiyohiyo. Si chumba cha maombi kwanza, si chai ya majani kwanza, si kungoja kupambazuke. Hata mdomo ukirudi sawa baada ya dakika chache, nenda.